Kitenge cha Kuvukia Mto

Sogeeni, na anayetaka sungura na fisi aende kwingine. Mimi nina watoto watatu wakubwa, na wamenichosha kuliko fisi yeyote.

Speciose ana mdomo: akipenda kitu, nyumba nzima hatulali. Gervais ana mkono: haongei, ananunua. Odette ana jicho la kutafuta kasoro, hata sahani ya ugenini huigeuza aone chini yake. Tunaishi Kigoma na mama yangu, Bi Ntirampeba, aliyevuka Mto Malagarasi akikimbia vita Burundi. Mimi nilikuwa mchanga. Kila nikimuuliza tulivukaje, hujibu, "Tulivuka. Kula."

Basi Speciose akasoma kitabu cha michoro, mwanamke mmoja kachora utoto wake wa vitani. Akakisifu tukichambua maharage, akakisifu tukitoka kanisani, mpaka mama akasema, "Vita vya katuni? Atakayekitaja tena hali kwangu." Lakini nilimwona, alikuwa anasikiliza.

Gervais akaenda dukani. Alikinunua akamwekea bibi yake mapajani. Mama akashukuru, kisha akakipepelea jiko. Wiki nzima kitabu cha watu kinapepea mkaa, nami nikamwacha, maana kugombana na mama ni kazi bure. Ila kila alipopepea, kurasa zilifunguka, na macho yake yalikuwa humo.

Odette naye akakipitia siku moja, akakibwaga. "Bibi, huyu mchoraji hajui kitu. Mama anakimbia, mtoto kamfunga kifuani. Nani anabeba hivyo?"

Mama akaacha mwiko. "Sisi. Risasi zilikuwa zinatoka nyuma."

Akasimulia yote, mpaka ugali ukaungua. Kisha akaenda kwenye sanduku lake, akatoa kitenge kilichopauka. "Nilimfunga mama yenu kwa hiki. Nampa aliyenifungua mdomo."

Tangu siku hiyo sina amani. Speciose anasema, "Bila mimi, nani angejua kuna kitabu?" Gervais anamjibu, "Sifa zako angezipepelea jiko?" Odette anawacheka wote wawili: "Alizisikia sifa, akakishika kitabu, na bado alikaa kimya. Aliyeuliza ni mimi." Jirani akashauri kikatwe vipande vitatu. Mama akaficha mkasi.

Na mimi niliyefungwa humo, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nakitaka. Jana nilifunga mlango nikajifunga kitenge hicho kifuani, nikalia, kisha nikakikunja vilevile kilivyokuwa.

Leo mama, aliyeniachia mimi niamue ni nani, anataka jibu, na watatu hao wako mlangoni wananikodolea macho. Haya, ninyi mliokaa hapo mnanichekea: ungekuwa wewe, kitenge hiki ungempa nani?