Si Yangu, Si Wangu, Si Langu

Hapo zamani za kale, lakini si kale ya mbali sana, maana kandambili zilikuwa zimeshaanza kuuzwa, Kaa mmoja alikuwa akiishi kwenye ufuo wa Mwamba Pofu. Alikuwa mwanamke mdogo, mwepesi, anayekwenda upande upande. Msimcheke. Hadithi hii huwa naisimulia nikiwa na hasira, na leo hasira ninayo.

Kaa alikuwa na shoga yake, Kasa. Kila Kasa alipokuwa na mimba, alitoka baharini akaja kutaga mayai kwenye mchanga wa Mwamba Pofu. Safari hiyo alichimba, akakuta chupa. Akasogea, akachimba, akakuta dumu. Akasogea tena, mfuko wa plastiki ukamzonga shingo.

"Shoga, ufuo wenu umegeuka jaa?"

"Jaa hasa," Kaa alijibu, akimkatia ule mfuko kwa gando lake. "Vinashuka na mto. Huko juu Mzee Kiboko na wenzake wakimaliza kitu, pwaa! mtoni."

Mwishowe Kasa akapata kijisehemu kitupu. Akataga mayai, akayafukia, akaushika mkono wa shoga yake.

"Niangalizie wanangu. Baada ya siku sitini watatoka, na wakitoka ni kukimbilia majini. Usiache kitu juu ya mchanga, Kaa. Wanazaliwa wadogo, hawawezi kuuvuka mlima wa taka."

"Nenda salama. Wako ni wangu."

Siku ya ishirini mawimbi yalimrudisha Kasa ufukweni. Tumbo lilikuwa limevimba, ndii! Akakohoa, akatapika mfuko, kipande cha kandambili, mswaki na vifuniko vya chupa.

"Nilidhani ni konyeza," alisema kwa shida. Konyeza ni wale viumbe laini, weupe, wanaoelea baharini, na Kasa huwala. "Nilikuwa na njaa, shoga. Vilikuwa vinaelea vilevile."

Akafa pale pale.

Kaa hakulia. Alivifunga vile vitu, akavibeba mgongoni, akaufuata mto kwenda juu hadi barazani kwa Kiboko. Kiboko ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji. Siku hiyo alikuwa anakula na rafiki zake wawili, Nyati na Fisi.

"Hodi!"

"Nani huyo? Mbona simwoni?"

"Niko huku chini. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema haraka, chakula kinapoa."

Kaa akatoa kile kipande. "Kandambili hii ni yako?"

Kiboko ana miguu minne, kwa hiyo hununua jozi mbili. Siku hiyo alikuwa amevaa kandambili tatu, na mguu wa nne ulikuwa peku.

"Si yangu!"

"Na mswaki huu?" Mswaki wenyewe ulikuwa mrefu kama mwiko wa ugali.

"Si wangu!" Nyati alisema, akafumba mdomo kuficha meno.

"Na lile dumu lililotafunwa, nililolikuta limelala juu ya mayai?"

"Si langu, hi hi hi!" Fisi akacheka. "Si langu hata kidogo!"

"Kasa amekufa," Kaa alisema. "Vitu hivi vimetoka tumboni mwake. Na watoto wake wako chini ya mchanga. Kila siku nasafisha, na kila siku mto unaleta vingine."

"Pole," Kiboko alisema huku akitafuna. "Mto umeleta? Basi kauulize mto."

"Mzee, nakuomba..."

"Kaa, kaa kimya! Na usikae hapa!"

Wakaangua kicheko, kwa kwa kwaa! Mnaona adabu hiyo? Mtu kafiwa, kaja na ushahidi mgongoni, wanamfanyia mzaha kwa jina lake. Mimi ningewauma vidole vya miguu. Lakini Kaa alikuwa na akili kuliko mimi.

Njiani aliikumbuka Sheria ya Changu. Kiboko aliitunga mwenyewe, kwa ulafi wake. Ukikiona kitu ukasema "changu" mara tatu mbele ya watu, basi ni chako, hakuna wa kukuzuia. Kwa sheria hiyo Kiboko alikuwa amebeba ndizi za Kima na asali ya Nyegere. Baadaye Fisi akadai mkeka wa watu, akaukuta una kunguni, akataka kuurudisha. Kiboko akakasirika, akaongeza neno: ukishadai, hukatai, unakitunza nyumbani mwako hadi ufe.

"Ahaa!" Kaa akasema peke yake. "Wamezoea kusema si changu. Nitawafundisha kusema changu."

Akawaita kaa wote wa ufuo. Wakakusanya kila kilicholetwa na mto. Kandambili walizikata kwa magando, katu katu katu, isipokuwa moja kubwa sana iliyomeguka kipande, wakazipanga kwa rangi, nyekundu, buluu na njano, zikawa gamba. Chupa zikawa mikono na miguu. Mifuko ikasokotwa ikawa shingo, lile dumu likawa kichwa, na mswaki mwingine mrefu ukawa mkia. Ilipofika siku ya hamsini na saba, alisimama pale kasa mkubwa kuliko nyumba, jua likimpiga anang'aa, na tumboni ana kijimlango kilichofungwa.

Wanyama na ndege wakaja kutoka pande zote.

"Mashallah! Vitu hivi vizuri ni vya nani?"

"Sijui," Kaa alijibu kwa sauti kubwa. "Havina mwenyewe. Akipatikana, atakaa kiti cha mbele na jina lake litaimbwa."

Kunguru alilisikia hilo, na Kunguru hana siri. Kesho yake asubuhi ardhi ikatikisika, gudu, gudu, gudu! Kiboko, Nyati na Fisi hao, wamejipaka mafuta.

"Nani amesema havina mwenyewe?" Kiboko alinguruma. "Kandambili ile pale ni yangu! Yangu! Yangu!"

"Mzee, una uhakika?" Kaa aliuliza kwa upole. "Siku ile ulisema..."

"Siku ile nilikuwa sijaiona vizuri! Tazameni, inanienea!" Akauingiza mguu, ukaingia barabara. Watu wakapiga makofi.

"Na mswaki ule wangu! Wangu! Wangu!" Nyati akapiga kelele, akikenua meno yote.

"Dumu langu! Langu! Langu!" Fisi akaliuma mbele ya watu, na meno yake yakakaa sawasawa kwenye alama za zamani.

Basi ikawa vurugu. Chupa hii yangu! Kifuniko kile changu! Wakasukumana hadi kila kitu kikapata mwenyewe.

"Ni hivi tu?" Kaa akauliza. "Na vitakavyoletwa na mto kesho?"

"Vyangu!" Kiboko akafoka. "Vya kesho na vya keshokutwa! Vyangu! Vyangu!"

"Na vilivyomo humu tumboni?"

"Vyetu! Vyetu! Vyetu!" wakajibu wote watatu, hata kabla hajafungua.

Kaa akafungua kile kijimlango. Ndani mlikuwa na mfuko, kipande cha kandambili, mswaki na vifuniko.

"Vyenu," Kaa alisema, na sasa upole ulikuwa umekwisha. "Nashukuru mmesema wenyewe. Vitu hivi alivitapika shoga yangu Kasa, hapa hapa mliposimama, akafa. Nilikuja kwako na msiba wangu, Kiboko, ukaniambia nikauulize mto. Nimeuuliza. Umewataja nyinyi!"

"Si... si ya..." Kiboko akababaika.

"Umeshasema mara tatu!"

"Sheria!" watu wakapaza sauti. "Ukishadai, hukatai! Bebeni!"

Wangekataa vipi, mbele ya umati ule, na sheria ni yao? Walimbeba yule kasa wa taka mabegani, wakapanda naye mto, jasho likiwatoka, na watu wanafuata nyuma wakizomea. Hakuingia ndani ya nyumba ya Kiboko, kwa hiyo walimsimamisha mlangoni, tumbo wazi. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kutupa kitu mtoni, maana kaa walikuwa wakikirudisha mlangoni kabla ya jioni.

Siku ya sitini, jua likielekea kuzama, mchanga wa Mwamba Pofu ulitikisika. Kikatoka kichwa kimoja, kikatoka kingine, kisha wote wakafumka, chaka chaka chaka! Mchanga ulikuwa mtupu hadi majini.

"Kimbieni, wanangu!" Kaa aliwapigia makofi kwa magando. "Mama yenu alipita hapa! Kimbieni!"

Hapo ndipo alipolia.

Na Kiboko? Kila akifungua mlango, yule kasa anamtazama. Kila mgeni akija, humuuliza swali lile lile.

"Mzee, huyu nani?"

"Kasa."

"Alikufaje?"

"Alikula kandambili."

"Ya nani?"

Kiboko huutazama mguu wake. "Yangu," husema.

Mimi naishia hapo mlangoni kwa Kiboko. Lakini ganda hili la pipi lililosukumwa chini ya mkeka, ni la nani? Haya, mbona mmenyamaza? Shikeni neno moja: taka ina mwenyewe, hata akiikana.