Mgeni Aliyemsahihisha Zimwi

Mpo? Itikieni "tupo," nami nianze.

Alikuwepo Mwanakheri wa Tanga, aliyezunguka mji hadi mji kwa kigari chake, akilala kwa wenyeji. Mwenyeji wa Moshi alimwambia, "Karibu mgeni, tule." Wakala. Wa Arusha naye, "Karibu mgeni, tule." Wakala. Mji wa tatu akapokewa na zimwi lililojigeuza bibi kizee, kinywa cha pili limekificha kisogoni chini ya mtandio. Na zimwi, wanangu, halina budi kutimiza neno lake la mwisho.

"Karibu mgeni, tukule!" vikasema vinywa vyote viwili.

Mwanakheri alidhani bibi anaharibu lugha tu. Akashika kiuno.

"Astaghfirullah! Bibi, tukule ndiyo nini? Tunakula wali, hatuli mgeni! Sema tule."

"Tukule."

"Tule!"

"Tuku..."

"Tu-le!"

Zimwi likaona haya. "Tule," likasema, na neno likalifunga papo hapo. Likapakua wali, likala na mgeni wake, likamtandikia kitanda.

Basi sisi watu wa Tanga tukiwasahihisha Kiswahili, msinune. Tunaringa, ndiyo. Nani mwingine mnamjua aliyelala kwa zimwi, akaamka akapewa chai?