Siku Tatu za Nani?

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, au pengine zamani ambazo bado hazijafika, maana hadithi hii yenyewe haijui vizuri imesimama wapi, palikuwa na mji uitwao Visima Saba.

Visima vilikuwa saba kweli, na maji ya vyote saba yalikuwa yamegeuka machungu. Ukipika chai, chungu. Ukipika uji, mchungu. Ukimwogesha mtoto, macho yanamwasha analia mpaka jioni.

Katika mji ule aliishi mwanamke jina lake Mize, mchimba visima. Mumewe alikuwa amekufa. Alikaa na mama yake, Bi Hidaya, na binti yake mdogo, Kibibi, mwenye pengo la meno ya mbele na mdomo usiojua kupumzika.

Siku moja akaingia mgeni mjini. Amevaa kanzu nyeupe na kofia kubwa iliyomfunika kisogo chote mpaka shingoni. Akajiita Bwana Kasi. Alikuja na chombo kinachong'aa kama sufuria mpya, akakitua uwanjani, mbele ya nyumba ya Waziri.

"Chombo hiki," akasema, "hukimbia mpaka kikakaribia kuupata mwanga wa jua. Kuna nyota moja ina jiwe. Jiwe hilo ukilitia kisimani, maji yanakuwa matamu. Nipeni mtu mmoja anayejua mawe. Safari ni siku tatu tu."

"Siku tatu tu!" Waziri akapiga makofi. "Heshima iliyoje kwa mji wetu! Ningekwenda mimi mwenyewe, ila goti langu hili..."

Goti lake! Siku ile kila aliyeisifu safari alikuwa na goti. Basi akachaguliwa Mize, ambaye magoti yake yalikuwa yamezama kwenye udongo wa kila kisima cha mji na hayakuwahi kulalamika.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule. Kule mtu hanyolewi kichwa ila akifiwa. Na mtu anayesafiri hupewa shungi la nywele za yule anayebaki, likasukwa pamoja na nywele zake, wasiachane mpaka arudi.

Lakini Bwana Kasi akasema, "Chombo changu hakiingii nywele. Mnyoeni."

Basi Mize akakalishwa uwanjani akanyolewa, na watu wakapiga vigelegele. Bi Hidaya hakupiga.

"Mnamnyoa mtu mzima wa afya," akauliza, "haya matanga ya nani?"

Watu wakamgeukia kama aliyekohoa katikati ya hotuba. Bwana Kasi akainama, akaziokota nywele zote, hata unywele mmoja hakuuacha, akazitia katika gunia lake. Na gunia lile lilikuwa limekwisha kujaa tangu zamani.

Pale kisima cha saba alikuwa anashinda kijana mmoja ambaye nywele zake ndiyo kwanza zilikuwa zinaota. Watoto walimwita Juzi. Aliingia mjini siku moja akiulizia nyumba yake, mkewe na mwanawe. Nyumba haikuwepo. Mke alikuwa makaburini. Mtoto alikuwa makaburini pia, tena alizikwa akiwa mzee wa mkongojo. "Lakini mimi nimeondoka juzi!" kijana akapiga kelele. "Juzi tu!" Basi watoto wakaishika hiyo, na wakubwa wakasema ana wazimu.

Kibibi akamfuata. "Wewe Juzi, mama yangu anasafiri siku tatu."

"Na mimi niliambiwa siku tatu."

"Ukakaa ngapi?"

"Tatu."

"Sasa unalia nini?"

"Zile tatu zilikuwa zangu, mwanangu. Hakuna aliyeuliza za mke wangu zilikuwa ngapi." Akashusha sauti. "Mwenye kofia yule ndiye aliyenichukua. Nimewaambia wakubwa wenu, wakaniambia ninywe maji nilale. Maji yenyewe machungu! Alininyoa, akaninyang'anya na shungi la mwanangu. Mwambie mama yako shungi lako alifiche."

Kibibi akakimbia nyumbani. Akachukua kisu cha jikoni, akakata shungi la nywele zake, fupi kama pingili ya kidole, akalifunga ushanga mwekundu nchani. Akalichomeka kwenye pindo la kanga ya mama yake, akakaza fundo.

"Nini hicho?" Mize akauliza.

"Mimi. Usimwonyeshe yule bwana. Na Juzi anasema siku tatu ni zako, si zangu."

Mize akacheka, akambusu kwenye pengo. "Siku ni siku, mama. Zako, zangu, jua ni lile lile."

Hilo ndilo kosa lake. Lishikeni.

Akapanda chomboni. Bwana Kasi akamgeukia kwa adabu kubwa. "Twende?"

"Twende."

Chombo kikaruka. Nyota zikakusanyika zote upande wa mbele kama mbuzi walioitwa kula. Bwana Kasi akakalia gunia lake, akaanza kuimba:

*Kimbia, chombo, kimbia,*
*wa ndani wahesabu siku,*
*wa nje wamwaga miaka.*

Siku ya kwanza ikaisha. Mize akafungua fundo amwone mwanawe. Shungi lililokuwa pingili ya kidole lilikuwa refu kama kiganja. Akashangaa. Labda ni unyevu umelinyoosha, akajisemea. Akafunga fundo.

"Twende?" akauliza Bwana Kasi.

"Twende."

*Kimbia, chombo, kimbia,*
*wa ndani wahesabu siku,*
*wa nje wamwaga miaka.*

Siku ya pili haijaisha, akafungua tena. Ushanga ukaanguka mapajani, shungi likaufuata. Akalipima kwenye mkono. Kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko.

Sasa, Mize alikuwa amekisuka kichwa kile tangu kilipoota nywele. Alijua nywele za Kibibi ni nzito, zinaota polepole, toka Ramadhani hii mpaka Ramadhani ijayo zinaongezeka nusu kiganja tu. Akahesabu Ramadhani zilizolala mkononi mwake. Mtoto aliyemwacha jana na pengo, meno yalikuwa yameota. Meno yameota na yeye hayupo.

Wakati huo Bwana Kasi akasema, "Tunakaribia. Twende?"

Mize hakusema twende. Akasema, "Bwana Kasi, siku tatu za nani?"

"Zako, dada. Hesabu mwenyewe."

"Siku tatu za nani?"

"Nimekwambia, zako! Je, nimekudanganya? Siku tatu, neno langu."

"Na mwanangu? Siku tatu za nani?"

Bwana Kasi akacheka mpaka kofia ikamteleza. "Hilo," akasema, "hukuuliza."

Na kofia ilipoanguka, Mize akaona. Kisogoni palikuwa na mdomo wa pili, mpana, umejaa meno. Kumbe ni zimwi! Na kupitia ufa wa nyuma ya chombo vilikuwa vinaingia vitu vidogo vyenye mbawa, vingi, kama kumbikumbi wa mvua ya kwanza, na mdomo ule unavidaka, unatafuna, unavidaka, unatafuna.

"Unakula nini?"

"Miaka," zimwi likasema, wala halikuona haya. "Ile ambayo wewe na mwanao mngekaa pamoja. Chombo kikikimbia hivi inamwagika njiani, haina mwenyewe. Mimi naokota. Nimekuibia? Mara mbili nimekuuliza, mara mbili umesema twende. Watu wa mjini mwenu wamepiga na vigelegele."

"Nilikubali siku tatu," Mize akasema. "Uliniambia nusu ukakalia nusu, halafu unaita hiyo ridhaa? Ulinyoa kichwa changu nisiwe na shungi la kunionyesha miaka! Ukatunyoa sote kwa matanga yetu wenyewe, tukashangilia!"

"Maneno mengi. Twende?"

"Siendi."

Chombo kikasita. Zimwi likashtuka, maana chombo kile hakikuwa na nguvu nyingine ila neno la aliyepanda. Likainuka. Mize akalivuta gunia, akatia mkono ndani, akatoka na nywele. Nywele zake, nywele za Juzi, nywele za watu wasiojulikana tena hata majina. Akazishindilia katika mdomo wa kisogoni. Konzi ya kwanza, mdomo ukatema. Konzi ya pili, ukakohoa. Konzi ya tatu, ukakwama.

Mdomo wa mbele ukaanza kubembeleza. "Mize, dada yangu, tuelewane."

"Dada yako nani? Geuza chombo."

"Kurudi nako ni mbali vile vile! Miaka itamwagika tu, nile nisile!"

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli ukiusikia kinywani mwa zimwi unauma zaidi. Mize akalitazama shungi.

"Itamwagika," akasema. "Lakini wewe huli hata mmoja. Na tukizidi kwenda mbele, haitabaki hata hiyo. Twende nyumbani."

Chombo kikageuka.

Kumbikumbi wakaingia tena, na sasa hapakuwa na wa kuwala. Wakatua mapajani mwa Mize. Akamshika mmoja, akamwona Kibibi na meno mapya, moja limekaa upande. Akamshika mwingine, akamwona Kibibi amejifungia chooni analia, na Bi Hidaya anagonga mlango. Mwingine, Kibibi ameshika jembe, Juzi anamwonyesha namna ya kupima udongo kwa ulimi. Akacheka, akalia, akacheka. Kuona si kuwepo, alijua. Lakini alishika kila mmoja.

Na zimwi, halina cha kula, likakonda. Likakonda. Likakonda mpaka chombo kinatua uwanjani imebaki kanzu tupu na kofia juu yake.

Mize akashuka. Kwenye uwanja palikuwa na rundo la udongo mbichi, na katikati ya udongo mwanamke kijana, mikono myeusi kwa tope.

"We mama! Usikanyage hapo, hapajakauka!"

Mize akasimama. Akaliona jino lililokaa upande.

Yule kijana akatazama kichwa kilichonyolewa. Akatazama kanga. Kanga ile aliijua; alikuwa amelikaza fundo lake mwenyewe.

"Mama?"

Mize akatafuta maneno, akayapata haya tu: "Nimeondoka juzi."

Nyuma ya rundo mtu mwenye ndevu zilizoanza mvi akaacha kuvuta kamba, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa Juzi mwenyewe. "Sasa tuko wawili!" akasema. "Watuite wazimu tukiwa wawili!"

"Na jiwe?" Kibibi akauliza.

"Sikulileta. Nimegeuka njiani."

"Afadhali. Hiki ni kisima cha nane. Tumekwenda chini kuliko vyote, maji matamu. Nilimwambia Waziri zamani, akasema nimsubiri mama na jiwe lake."

"Waziri yu wapi?"

"Yupo. Goti limepona."

Kutoka nyumbani kwao, kando ya uwanja, sauti ya kizee ikaita, nyembamba lakini kali vile vile. "Kibibi! Unasema na nani huko?"

"Mama amerudi, bibi!"

Bi Hidaya akajibu: "Mwambie amechelewa. Wali umepoa."

Hapo ndipo Mize alipolia kweli kweli, kwa ahueni, maana alikuwa ameogopa kuikuta nyumba ile haina sauti.

Jioni ile Kibibi alikaa chini mbele ya magoti ya mama yake, ingawa sasa alikuwa mrefu na miguu ikavuka mkeka. Mize akafungua fundo. Akaliweka shungi juu ya nywele za binti yake. Zilikuwa sawasawa, mpaka kwenye ushanga. Akalisuka pamoja nazo, polepole, hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Miaka iliyoliwa hairudi, siwadanganyi. Ila iliyobaki walikaa wakaila wenyewe, pamoja na wali uliopashwa moto.

Hadithi yangu imeishia hapo, kando ya kisima cha nane. Ikiwa tamu, inyweni. Ikiwa chungu, mwagieni mipapai.

Na mtu akija kuwaambia safari ni fupi, msipige vigelegele kwanza. Muulizeni: fupi kwa nani? Anayebaki naye ana siku zake.