Mama Mkwe Aliyejialika na Ukuta wa Bafu

Ndugu zangu, jamaa mmoja aliambiwa mama mkwe anakuja Ijumaa. Nyinyi wanaume mlionyamaza ghafla hapo nyuma, nawaona. Mama huyu, wakati wa posa, alisema mbele ya washenga, "Kijana ana maneno mazuri, nyumba sijaiona." Tangu hapo hajakanyaga kwake. Safari hii amejialika mwenyewe.

Jamaa akalitazama bafu lake. Marumaru zimepasuka, zimefubaa, nyingine zina rangi isiyotajwa madhabahuni. Akazibandua zote huku akipiga mluzi. Nyuma ya marumaru hizo ukabaki ukuta wenye mabonge ya saruji ya zamani, kama ugali wa mwanamume aliyeachwa peke yake nyumbani.

Mkewe akachungulia. "Mume wangu, hayo mabonge huyagongi kwanza?"

"Yatafunikwa."

"Na vumbi hilo? Ungeusugua ukuta, ukapiga plasta, ukaacha ikauke."

"Ikauke lini, na mama yako ameshafunga begi?"

Akapaka gundi, akabandika marumaru mpya. Ijumaa bafu liling'aa, ungeweza kuchania nywele ukutani.

Mama mkwe akafika, akaoneshwa bafu kabla ya kuoneshwa kiti. Akaingia kuoga, akaanzisha pambio. Alipofika kiitikio, pa. Akanyamaza, akaendelea. Pa, pa, pa. Jamaa yuko nje ya mlango, jasho linamtoka, maana ni nani kati yenu atakayefungua mlango mama mkwe akiwa anaoga?

"Mama, uko salama?"

"Mimi niko salama, baba. Ukuta wako ndio unavua nguo."

Jikoni mkewe amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika.

Mama akatoka amevaa, ana povu sikioni. Jamaa akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Sikutaka uone ukuta ulivyokuwa."

"Baba, kila mwaka namuuliza mwanangu, nije lini? Ananijibu, mume wangu anasema nyumba bado. Nikajua hunitaki."

Jamaa akainua kichwa. Miaka yote alidhani mama ndiye anayemkataa.

"Tindo iko wapi?" mama akauliza. Akajifunga kanga kiunoni, akashika nyundo. Mkwe na mkwe wakagonga mabonge mpaka wote wakawa weupe kama waliogaragazwa kwenye unga, wanachekana. Jioni wakausugua ukuta, wakaumwagia maji, wakakoroga plasta.

"Hii inakauka lini?" mama akauliza. "Maana siondoki kabla sijaoga vizuri."

Jamaa, yule yule aliyekuwa akiomba Ijumaa isifike, akasema, "Basi tuipige nene, mama, ichelewe kukauka."

Na sisi je? Mungu anapiga hodi, tunamjibu kupitia dirishani: nyumba bado. Tumemfanya mama mkwe. Tunabandika tabasamu la Jumapili juu ya kinyongo cha mwaka juzi, kisha tunashangaa likidondoka Jumatatu, tena mbele za watu. Nani ametuambia anakuja kukagua? Kinachomuumiza si mabonge yetu, ni mlango wetu uliofungwa.

Mfungulieni leo, ukuta ukiwa vilevile ulivyo. Ataingia na nyundo yake, vumbi litatimka, mtapiga chafya pamoja. Na mkishamzoea, nawahakikishia, ninyi wenyewe mtaanza kumtafutia sababu ya kukaa.