Utepe Mweusi Uliobaki Mkobani

Tulieni, enyi kusanyiko la Bwana. Aliyesimama mlangoni na aingie aketi, kwa maana neno hili halimwachi mtu nje.

Majuzi, mvua zilipozidi milimani, muuguzi Sista Wakesho alikuja uani kwa kanisa kuwafunza waumini kuokoa watu wengi wanapoumia kwa pamoja. Alileta tepe za rangi nne: kijani kwa awezaye kutembea, njano kwa awezaye kungoja, nyekundu kwa wa kubebwa kwanza, nyeusi kwa aliyekwisha kukata roho.

Waumini wakalala nyasini, wakajifanya majeruhi. Righa akafungwa nyekundu, akalia, "Nakufa, Sista! Nakufa njaa!" Wakacheka. Lakini utepe mweusi ulipomfikia binti wa Mzee Mwakio, mzee wa kanisa, baba yake akasimama.

"Sista, unatuchuria mabaya! Mtu mzima wa afya umfunge utepe wa maiti, tena uani kwa Bwana?"

Wote wakaitikia, "Hatutaki!"

Sista akautia mkobani. "Haya, Mzee. Tutatumia tatu."

Wiki ya tatu baada ya hapo mlima ukaporomoka juu ya soko. Gari la kubeba majeruhi lilikuwa moja, nafasi ya kulala moja. Righa akamkuta nduguye, Mwandoe, hapumui. Kando yake Mghoi, muuza mboga, alikuwa akipumua, damu ikimtoka. Righa akatazama tepe mkononi: rangi tatu. Akamfunga nduguye nyekundu. Akamfunga Mghoi nyekundu. Wabebaji wakamchukua waliyemfikia kwanza, naye alikuwa Mwandoe.

Mghoi akasema, "Righa, mbona mwaniacha?"

Gari liliporudi, alikuwa amekwisha kukata roho.

Kaburini mama yake Mghoi akasema, "Sitaki rambirambi zenu. Aliyeniulia mwanangu apige magoti hapa."

Wakanawa mikono, mmoja baada ya mwingine.

Mzee Mwakio: "Mimi nilikataza kwa kinywa tu. Sokoni sikuwapo."

Sista Wakesho: "Mimi niliijua kweli, nikaogopa macho ya watu. Lakini aliyefunga si mimi."

Righa: "Nilijua hapumui. Lakini mlinipa rangi tatu. Ndugu yangu ningemfunga ipi?"

Nasi tulioitikia "Hatutaki" tukatazama viatu vyetu.

Mama yule bado amesimama, wapendwa. Je, nani alistahili kutangulia kupiga magoti? Jibuni, kisha tubuni. Jumamosi tunalala tena nyasini. Na anayeuogopa utepe mweusi, awe wa kwanza kunyoosha mkono afungwe.