Ndoo ya Nyemo

Zamani hizi hizi, Nyemo alikamatwa akichota ndoo moja ya maji kwenye bwawa la tajiri Chidosa. Hakimu hakumtupa jela. Alimpa kifungo cha nje: miezi mitatu ya kukifanyia kijiji kazi.

Kesho yake Chidosa akamwita. "Utachimba kisima uani kwangu. Ukibisha, nitasema umetoroka kazi, ukalale jela!"

"Nibishe nini, bwana mkubwa?" alijibu Nyemo, na sururu ikaanza kulia. Alichimba akiimba. Alichimba hata Jumapili, mpaka Chidosa mwenyewe akawa anamletea uji. Maji yalipobubujika, Nyemo aliomba jambo moja tu. "Afisa wa kifungo cha nje anakuja kesho kukagua. Niruhusu niwaite kina mama wa kijiji waone nilivyobadilika."

"Waite wote!" alisema Chidosa, kichwa kimemvimba.

Walikuja wote, na kila mmoja alikuja na ndoo. Afisa alikichungulia kisima, akaguna.

"Mfungwa wa nje hufanya kazi ya umma tu. Anayemtumia nyumbani kwake hufungwa yeye, tena jela ya ndani kabisa. Hiki kisima cha nani?"

Chidosa aliwatazama kina mama na ndoo zao.

"Mwambie, bwana mkubwa," alisema Nyemo kwa upole. "Usione haya."

"Ni cha… ni cha kijiji!"

Vigelegele vikapasua anga. Wa kwanza kuchota alikuwa Nyemo, kwa ndoo ileile aliyokamatwa nayo.