Kidonge cha Siku ya Kliniki

Kidonge cha siku ya kliniki humponya nesi. Mmesikia mama mmoja akimwambia mumewe hivyo pale kisimani, mkacheka, kisha mkauliza nesi alikuwa anaumwa nini. Hakuwa anaumwa. Msemo huu una mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu.

Jumanne ya pili ya mwezi wa sita, saa tatu asubuhi, kipimo cha presha katika zahanati ya Kisereni, huku milimani Upare, kilisoma 130 kwa 82. Mkono uliopimwa ulikuwa wa Mzee Senzia Mbwambo, mkulima wa tangawizi. Sista Namkunda, nesi wa zahanati hiyo, aliziandika namba kwenye daftari akafurahi. Mwezi wa kwanza mzee huyu alikuwa amesoma 190 kwa 114. Tangu aanze dawa, kliniki tano mfululizo alisoma vizuri, naye Namkunda alizoea kumsimamisha mbele ya benchi la wagonjwa ili awaeleze wenzake anavyofanya.

Wenzake nao walifuata. Kati ya wagonjwa arobaini na mmoja wa presha, thelathini na sita walisoma vizuri siku hiyo. Bi Nietiwe, aliyekaa ubavuni mwa Senzia, alisoma 128 kwa 80.

Siku tisa baadaye, Bi Nietiwe alianguka shambani kwa kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, maneno yakamtoka nusu nusu. Katika hospitali ya wilaya walimpima, wakakuta 220 kwa 130.

Namkunda hakulia wala hakumlaumu mtu. Aliweka namba hizo mbili kando kando, akaona haziwezi kuwa za mwili mmoja ndani ya siku tisa bila sababu. Kwanza alikishuku kipimo. Aliazima kingine zahanati ya jirani, akapima watu kumi kwa vyote viwili. Tofauti haikuzidi nne. Kipimo kilikuwa kizima. Basi akalifungua daftari upya, ukurasa kwa ukurasa, na safari hii hakutazama namba, alitazama tarehe. Zote zilikuwa za Jumanne ya pili ya mwezi, siku ya kliniki. Hakuwa na namba hata moja ya siku nyingine.

Alhamisi iliyofuata alitia kipimo mkobani, akapanda hadi kwa Mzee Senzia bila kutoa taarifa. Alimchagua yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa mfano wa wote. Alimkuta uani na mkewe, Mama Elineema, wakichambua tangawizi ya kuuza. Lori la wanunuzi lilitarajiwa Jumamosi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sista. Leo ni chanjo?"

"Si chanjo. Nataka mkono wako."

Mzee alifuta udongo taratibu. "Leo si siku yake."

"Mkono ni uleule, mzee."

Mama Elineema alicheka chinichini. Senzia akakaa juu ya gunia, akautoa mkono kama mtu anayetoa kitu asichotaka kionekane. Kipimo kilisoma 204 kwa 118. Namkunda alisubiri dakika kumi, akapima tena: 208 kwa 120.

"Umekunywa dawa leo?"

"Leo ni Alhamisi."

"Na jana?"

Mkewe aliingia ndani, akarudi na kopo la majani ya chai, akalimimina juu ya ungo. Vilitoka vidonge vyeupe. Namkunda alihesabu. Alikuwa amempa mara sita, thelathini kila mara, kwa ajili ya kidonge kimoja kila siku. Kwenye ungo vilikuwa mia moja sitini na vitano. Vilivyonywewa ni kumi na vitano tu, vitatu kwa kila kliniki.

"Kimoja Jumatatu jioni," alisema mkewe, "viwili Jumanne alfajiri. Halafu anavaa koti."

"Mwanangu," alisema Senzia, "bwana afya akija kukagua vyoo, watu hapa hufagia lini?"

"Siku anayokuja."

"Basi. Nawe unakuja kukagua Jumanne ya pili. Mtu hamwaibishi mkaguzi wake. Tena siku hiyo ya kwanza ulipoona 190 ulikunja uso, nikasema huyu mtoto nisimpe huzuni tena."

"Ulisikia maumivu yoyote siku usizokunywa?"

"Sikusikia kitu. Ndiyo maana nikaona dawa ni ya kukuonyesha wewe."

Namkunda alikunja mkanda wa kipimo. "Nilipokuwa nikikusimamisha mbele ya benchi, uliwaambia wenzako nini?"

"Ukiwepo, niliwaambia wanywe kila siku. Ukiingia ndani, niliwaeleza njia yangu."

"Bi Nietiwe alikuwepo?"

Mzee alichukua kipande cha tangawizi, akakigeuza, akakirudisha mahali pake. "Alikaa ubavuni kwangu," alisema.

Namkunda alimwambia wateremke hospitali ya wilaya siku hiyohiyo. Senzia alikataa. Tangawizi haijaisha kuchambuliwa, lori halimsubiri mtu, na yeye haumwi.

"Haumwi?" alisema mkewe. "Kichwa kinamgonga tangu Jumatatu. Jana kanyoosha mkono kuchukua chai, kashika hewa."

"Kikombe kilikuwa mbali."

"Kilikuwa gotini kwako, Baba Elineema." Alianza kurudisha vidonge koponi. "Sikiliza. Miezi mitano Sista amelala vizuri kwa ajili yako. Kidonge cha siku ya kliniki kimemponya nesi. Wewe hujatibiwa bado."

Senzia alimtazama Namkunda, akitaraji labda angecheka. Hakucheka.

"Ni kweli," alisema Namkunda. "Nilipona mimi. Na Bi Nietiwe hajui tena kutaja jina la mwanawe."

Mzee alimtazama mkewe akifunga kopo. Kisha akaomba koti lake. Walishuka kwa gari la jirani. Daktari alimulika macho yake, akamwambia kuwa mishipa ya ndani ya macho imeanza kuvuja damu na kwamba angechelewa siku chache tu angeweza kulala kitanda cha pili kutoka kwa Bi Nietiwe. Alilazwa siku nne. Lori lilikuja Jumamosi, likaondoka bila tangawizi yake.

Jumanne ya pili ya mwezi wa saba, Senzia alifika kliniki kama kawaida, akakaa kwenye benchi lilelile. Ubavuni kwake palikuwa wazi. Kipimo kilisoma 156 kwa 94, namba mbaya kuliko zake zote za kliniki tangu aanze dawa. Namkunda aliiandika, akaipigia mstari chini yake, akamuuliza amekunywa vidonge vingapi.

"Kimoja. Na jana kimoja, na juzi kimoja."

Kisha mzee aligeuka mwenyewe bila kusimamishwa, akawaeleza watu wa benchi jinsi alivyowadanganya, na alichosema mkewe akirudisha vidonge koponi. Aliongea kwa kifupi. Hakuna aliyecheka.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Mzee Kiondo, mshona viatu, ambaye namba zake hazikuwa na doa tangu mwezi wa tatu. Namkunda alimnyooshea mkanda wa kipimo. Kiondo alishusha mkono wa shati aliokwisha kuukunja, akafunga kifungo.

"Leo usinipime, Sista. Njoo Alhamisi, unipime kazini kwangu."

"Kwa nini Alhamisi?"

"Kidonge cha siku ya kliniki humponya nesi," alisema Kiondo, akatoka kwenye foleni, na nyuma yake wakatoka wengine kumi na saba.